Picha ya Nesi Dirishani

Kila siku baada ya shule, Mheshimiwa alipitia kwanza kwenye kibanda cha baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Jina lake halisi lilitumiwa na mwalimu tu wakati wa kuita mahudhurio. Watu wengine wote walimwita Mheshimiwa, kwa sababu hapakuwa na jambo la umma ambalo msichana huyo hakuwa na maoni juu yake. Gari la taka likichelewa, alikuwa na maoni. Taa za barabarani zikizimika, alikuwa na maoni marefu zaidi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kama angepewa kipaza sauti, angemaliza matatizo yote ya nchi kabla ya kengele ya mapumziko.

Baba yake alikuwa fundi cherehani. Macho yalikuwa yameanza kumchoka, kwa hiyo simu yake ilikaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, na Mheshimiwa ndiye aliyemsomea ujumbe na kumwandikia majibu. Mteja akiuliza kama gauni liko tayari, baba alisema bila kuinua kichwa, "Mwambie kesho," naye akaandika kesho, ingawa wote wawili walijua ni keshokutwa.

Ndani ya simu hiyo mlikuwa na kundi la mtaa, ambamo wakazi walipeana habari za maji kukatika, misiba na malalamiko. Baba hakulijali sana. Mheshimiwa alilisoma lote, kuanzia juu hadi chini, na roho ilimuuma kwamba kundi lilikuwa la watu wazima na yeye hakuwa na ruhusa ya kuandika humo hata neno moja.

Siku moja ya likizo alimsindikiza bibi yake zahanati kuchukua dawa za shinikizo la damu. Baba aliwapa simu ili wampigie wakikwama. Siku hizo serikali ilikuwa imetoa agizo jipya: madaftari yaondolewe kwenye zahanati zote, na kila mgonjwa aandikishwe kwa simu ya kazi kabla ya kupewa dawa. Afisa afya alikuja mwenyewe kulitangaza, akasema foleni sasa zimekwisha. Kabla shule hazijafungwa, Mheshimiwa alikuwa ameliunga mkono agizo hilo darasani kwa hotuba iliyopigiwa makofi. Alisema karatasi ni mambo ya kale.

Lakini foleni haikuwa imekwisha. Mabenchi yalijaa, watoto walilia, na waliokosa nafasi waliegemea ukuta. Nesi alikuwa mmoja tu, mama wa makamo ambaye watu walimwita Nesi Pole, kwa kuwa alimwambia kila mgonjwa pole hata kabla ya kusikia anaumwa nini. Alipita akiwa na simu mkononi, Mheshimiwa akamwamkia, naye akaitikia vizuri. Akamsalimia bibi kwa jina, akamwomba namba ya kadi yake, kisha akaingia chumba cha ndani.

Muda ulikwenda. Bibi alisogea karibu na mlango wa chumba kile, na Mheshimiwa akabaki kwenye benchi akikunja na kukunjua uso. Mlango ulikuwa nusu wazi. Alipochungulia, alimwona Nesi Pole amesimama juu ya kiti kando ya dirisha, mkono mmoja ameuinua juu na simu, uso umemeremeta kwa kicheko.

Damu ilimchemka. Watu wanaugua hapa nje, na mwenzao anajipiga picha! Alitoa simu ya baba, akapiga picha kupitia uwazi wa mlango, akafungua kundi la mtaa na kuandika: "Wagonjwa tunasubiri tangu asubuhi, nesi yuko dirishani anajipiga picha. Nani atawajibika?" Sentensi ya mwisho ilimpendeza mno. Akaisoma tena, akatuma.

Haukupita muda Nesi Pole akatoka na dawa za bibi, akasema, "Pole mama, pole kwa kusubiri." Mheshimiwa alizipokea bila kumtazama usoni. Alipoangalia simu, majibu yalikuwa yameshaanza kuingia. "Umenena, fundi." "Wachache wana ujasiri kama wako, fundi." Hapo angeweza kuifuta ile picha. Kidole chake kilikuwa karibu kabisa. Lakini sifa ni tamu hata zikipewa mtu mwingine, na hakuifuta. Baadaye ni hilo lililomuuma kuliko hata kutuma.

Picha haikukaa mtaani. Iliruka kwenda makundi mengine, na kila ilipotua ilichomekewa jambo. Mmoja aliandika kwamba nesi alikuwa akiongea na mpenzi wake. Mwingine, ambaye pengine hakuijua hata njia ya kwenda zahanati ile, aliandika kwamba huwa anauza dawa za bure. Wateja wakaanza kufika kibandani kumpa baba mkono wa pongezi. Baba aliwashukuru huku akiwaangalia kwa mashaka, na walipoondoka alimgeukia binti yake.

"Hawa wananipongeza kwa lipi?"

"Wanapenda kazi yako, baba," alisema Mheshimiwa, akainama kuokota pini ambazo hazikuwa zimeanguka.

Wiki ile haikuisha kabla habari haijafika: Nesi Pole amesimamishwa kazi. Ofisi ya afya ilitoa tangazo kwamba haitawavumilia watumishi wazembe, na kundi la mtaa likashangilia. Mheshimiwa alingoja furaha imjae, maana ndicho alichokuwa akikidai siku zote, serikali isikie na kuchukua hatua. Furaha ilikuja nusu, ikakwama. Alijiambia kwamba nesi alijitakia mwenyewe, na alihitaji kujiambia hivyo mara nyingi.

Dawa za bibi zilipokwisha, walirudi zahanati. Safari hii walimkuta kijana mgeni, nesi aliyeazimwa kutoka kituo kingine. Alishika simu ya kazi kana kwamba ilikuwa ikimuunguza mkono. Alitoka nayo uani, akazunguka jengo, akarudi, akatoka tena. Mtandao haukuonekana, na bila kuandikishwa mgonjwa hakuruhusiwa kupewa dawa. Wengine walianza kuondoka wakinung'unika.

Bibi alimhurumia. "Mwanangu," alimwita, "ingia ndani, upande kwenye kiti pale dirishani, uinue mkono. Mwenzako alikuwa akiupatia pale pale."

Kijana alifanya alivyoambiwa. Akapanda kwenye kiti, akainua simu juu. Lilikuwa dirisha lile lile, kiti kile kile, na mkono umeinuliwa vile vile.

"Bibi," aliuliza polepole, "Nesi Pole alikuwa anafanya hivyo kila siku?"

"Kila mgonjwa. Halafu mguu wake mmoja unamsumbua," alisema bibi. "Ile siku tuliyokuja wote, jina langu lilikataa kupita. Alijaribu mpaka akachoka. Lilipopita akaniambia, mama, umepokelewa, tukacheka wote wawili, yeye kule juu na mimi hapa mlangoni. Kwani hukuona?"

Aliona, lakini nusu tu. Kicheko kile kilikuwa cha bibi yake, naye alikigeuza kuwa kosa la mtu.

Kijana wa watu alishuka kwenye kiti akatikisa kichwa. Bibi alirudi nyumbani mikono mitupu, na jioni hiyo alilala mapema akilalamika kichwa kinamgonga.

Kesho yake Mheshimiwa alikwenda kibandani. Baba alikuwa akimalizia vazi jeupe, akikata nyuzi zilizobaki kwenye pindo.

"Hili ni la Nesi Pole," alisema. "Alileta kitambaa kabla unga wake haujamwagika. Sijui kama atakuja kulichukua. Kuna mtu amemharibia vibaya yule mama."

"Ni mimi, baba."

Mashine ilikuwa imenyamaza, lakini sasa hata mkasi ulinyamaza. Mheshimiwa alieleza yote, picha, maneno, na zile pongezi. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa simu yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Na walipokuja kunipa mkono, ulikuwa umekaa hapo hapo ulipo."

Hakumpiga wala hakufoka, na Mheshimiwa angeona afadhali afoke. Baba alilipiga vazi pasi, akalikunja vizuri, akafunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa kwa msiba. Wakaenda nyumbani kwa nesi bila kusemezana njiani.

Walimkuta akifua. Aliwakaribisha, akawapa viti, akajifuta mikono. Baba alianza kusema, kisha akanyamaza na kumtazama binti yake, na Mheshimiwa akaelewa kwamba maneno hayo hayawezi kusemwa na mtu mwingine. Aliyasema huku machozi yakimdondoka mapajani.

Nesi Pole alimgeukia. "Siku ile uliniamkia," alisema. "Nikakuitikia. Mlango ulikuwa wazi, mwanangu. Ungeniuliza tu, nesi, unafanya nini huko juu? Ningekujibu, na pengine ungenisogezea kiti." Alijaribu kucheka, kicheko hakikuja. "Picha hiyo imemfikia mpaka mama yangu. Ameniuliza kama ni kweli kwamba nauza dawa za watu. Mama yangu mzazi."

Aliwaambia kwamba alikuwa ameieleza ofisi habari za mtandao tangu mwanzo, zaidi ya mara moja, na hakuna aliyefika. Baba alimpa lile vazi. Nesi alilipapasa mshono, akalirudisha. "Kaa nalo kwanza, fundi. Sijui kama nitalivaa."

Siku chache baadaye afisa afya alikuja kuzungumza na wakazi kwenye uwanja wa shule. Alipouliza kama kuna mwenye neno, baba alisimama, na Mheshimiwa akasimama kando yake. Huyu aliyekuwa hakosi la kusema, siku hiyo ulimi ulimwia mzito. Alisema picha aliipiga yeye, si baba yake. Alisema maneno aliyoyaandika hayakuwa kweli, na hakumuuliza mtu yeyote kabla ya kuyaandika. Akaeleza kuhusu kiti, dirisha na mtandao. Waliokuwa wameshangilia kundini wakaanza kukagua viatu vyao.

Kisha, kwa sauti ndogo, akauliza, "Kabla madaftari hayajaondolewa, kuna mtu aliyekuja kuangalia kama mtandao unafika?"

Afisa alivua miwani, akasema hilo ni suala la ngazi za juu.

"Na dawa zangu nazo ziko ngazi za juu?" aliuliza bibi kutoka nyuma.

Watu walicheka, lakini baada ya kicheko maswali yaliendelea, moja baada ya jingine, kwa utulivu, mpaka afisa akakosa pa kukwepea. Alikiri kwamba zahanati haikukaguliwa kabla ya agizo, na kwamba nesi alisimamishwa bila kuulizwa. Madaftari yalirudishwa kwa muda, na baadaye mnara mdogo wa mtandao ukafungwa juu ya paa. Nesi Pole alisafishwa jina lake kwa tangazo. Bibi alipata dawa zake.

Lakini Nesi Pole hakurudi. Alikuwa ameshaomba kuhamishwa, na aliposhawishiwa abaki alisema amechoka kutazamwa. Siku ya kuondoka alipitia kibandani kuchukua vazi lake jeupe. Alimshika Mheshimiwa bega, akamwambia "pole" kama alivyomwambia kila mtu, akaenda zake. Mheshimiwa alimtazama mpaka akakata kona.

Aliandika masahihisho kundini, kwa ruhusa ya baba na kwa jina lake mwenyewe. Wachache waliyasoma, wachache zaidi waliyatuma mbele.

Miezi ilipita. Mteja mmoja kutoka mbali alileta suruali ya kupunguzwa, na alipokuwa akingoja alimwonyesha baba simu yake huku akicheka. "Manesi wa siku hizi hawa, fundi. Ona huyu."

Baba hakuhitaji miwani kujua ni picha gani. Alisimamisha mashine, akamtazama binti yake aliyekuwa mezani, uso umemshuka.

"Mimi hukosea kukata, nikatia kiraka," alimwambia taratibu. "Nguo inavaliwa, lakini kiraka kinaonekana, nami nakubali nikionyeshwa. Kuihoji serikali si kosa, wala sitaki uache. Waliotoa lile agizo walistahili kuulizwa, na uliwauliza vizuri. Lakini kabla hujauliza nani atawajibika, muulize kwanza yule unayetaka kumsema, na uwe tayari kuwajibika wewe kwa maneno yako. Ukikosea, usingoje mpaka mtu aumie."

Simu ya baba ililia mezani. Kulikuwa na mama aliyeulizia gauni lake.

"Mwambie keshokutwa," alisema baba.

Mheshimiwa aliandika keshokutwa. Kisha akaiweka simu chini, akamgeukia yule mteja, ambaye bado alikuwa akitabasamu na picha mkononi.

"Shikamoo, mjomba," alisema. "Hiyo picha niliipiga mimi. Naomba nikueleze ilivyokuwa."