Fomu ya Mwaka Mmoja

Siku Nahumu alipomwona Tabea, upepo wa Makambako ulikuwa unapeperusha vumbi stendi nzima. Tabea alikaa ndani ya kibanda chake cha wakala wa kubashiri mechi, mikono kwapani, leseni ya serikali ikining'inia nyuma ya kichwa chake.

"Kamwene, dada. Nipigie mkeka wa mechi tano."

"Kamwene. Kitambulisho."

"Hata jina hujaniuliza, unataka kitambulisho?"

"Jina limo humo humo."

Kijana akacheka. Alikuwa mtu wa Matamba, mpakia mbao huko Njombe, koti lake likinukia utomvu wa misonobari. Alipoona meno ya Tabea yanagongana kwa baridi, akavua skafu yake nyekundu ya sufu, akaipitisha dirishani.

"Vaa. Nitaichukua nikirudi."

Alirudi mara nyingi. Skafu hakuichukua.

Kila jioni simu iliita kutoka Njombe. "Umekula, mama watoto?"

"Watoto gani? Nioe kwanza!"

Lakini kila Jumamosi Tabea alimwona akichana mkeka mwingine pale dirishani, na siku moja akamwambia, "Nahumu, hiki kitu nawauzia watu kutwa nzima. Siwezi kuolewa nacho."

Nahumu akaomba fomu ya kujizuia. Sheria ilikuwa hivyo: ukiijaza, namba yako ya kitambulisho inafungwa mwaka mzima kwenye mashine za mawakala wote, na wakala atakayekusaidia ananyang'anywa leseni. Akaweka sahihi.

"Mwaka ukiisha, tarehe hii hii, naleta mshenga kwa baba yako."

"Wenzangu wanavishwa pete, mimi napewa fomu!" Tabea alimtania. Lakini nakala aliikunja vizuri, akaihifadhi ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani.

Mwezi wa sita tangu sahihi ile, Nahumu alikuja na macho mekundu.

"Nichezee kwa namba yako, mpenzi. Mara moja tu."

"Watanifungia kibanda. Na wewe uliniahidi."

"Basi unaipenda mashine kuliko mimi."

Akaondoka. Wiki tatu simu haikuita. Mama Yunisi, aliyeuza viazi vya kuchemsha jirani, aliona jinsi binti alivyokonda. Hakumuuliza kitu. Kila asubuhi alimwekea tu jiko la mkaa karibu na miguu.

Wiki ya nne simu ikaita.

"Nisamehe. Siku ile sikuwa mzima. Nahesabu siku, Tabea."

"Na mimi nahesabu," akajibu, akilia kwa furaha.

Siku ikafika. Tabea alivaa kitenge kipya cha bluu, skafu nyekundu shingoni. Nyumbani baba alikwisha kufunga jogoo mguu. Nahumu akaja, koti limepigwa pasi, peke yake.

"Mshenga yuko wapi?"

"Yuko Njombe, anasubiri basi. Kwanza, mama, angalia kama namba yangu imefunguka."

Akapitisha daftari dirishani. Tabea akafungua. Mechi. Kila Jumamosi ya mwaka mzima, mkeka umeandikwa kwa herufi ndogo ndogo, nadhifu.

"Sikucheza hata mmoja," Nahumu akasema, macho yakimeta. "Niliandika tu. Na nilipatia mingi! Leo nipigie mmoja, ushindi wake nikuolee kwa heshima."

"Siku ulizokuwa unahesabu, ni za harusi au ni za hii mashine?"

"Za zote mbili," akajibu. Hakudanganya, na hilo ndilo lililomuumiza Tabea.

Akaingiza namba. Mashine ikaikubali. Sheria haikuwa tena na neno. Tabea akampigia mkeka wa leo, akatoa tiketi yake, akampa. Kisha akaifungua skafu shingoni, akaipitisha dirishani nayo.

"Tabea, utapata baridi."

"Njombe kuna baridi zaidi. Mpigie mshenga, mwambie asipande basi."

Nahumu akabaki amesimama, tiketi mkono huu, skafu mkono ule, mpaka watu wa nyuma wakaanza kumsukuma.

Tabea akageuzia dirisha mgongo, asimwite anayefuata.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama Yunisi akapiga magoti, akasogeza jiko la mkaa miguuni pa binti, kisha akachungulia dirishani.

"Subirini kidogo, wanangu," akawaambia. "Mashine imegoma."