Mtu wa Thelathini

— Docus, ile meseji ya orodha ya kwanjula, ni mama kweli alituma?

Docus aliisikia sauti ya Herbert kwenye simu. Alikuwa chumbani kwake Namakwekwe, Mbale, kompyuta imefunguka mapajani, na jibu lilikuwa pale pale kwenye kioo: watu thelathini, walionaswa kumi na tisa. Wa mwisho kunaswa alikuwa Herbert Isabirye, mchumba wake, karani wa jeshi kule Kimaka, Jinja.

— Kwa nini unauliza?

— Nilijaza. Ilisema niingie na barua pepe ya kazi, niweke neno la siri. Mimi nikaweka.

— Kwa simu yako?

— Kwa kompyuta ya ofisi. Si mama alisema haraka, wazee wanangoja majina?

Mama hakusema chochote. Mama Eseza, mamake Docus, alikuwa kwake Nabuyonga akipanga kwanjula, sherehe ya binti yake kumtambulisha mchumba. Aliyeandika ni Docus. Utafiti wake wa mwisho wa digrii ya usalama wa mtandao ulitaka watu thelathini watumiwe ujumbe wa mtego, kila mmoja awe amesaini fomu ya kukubali. Ishirini na tisa walisaini. Siku zilipombana akamwingiza Herbert bila kumuuliza, akijiambia huyu ni wangu, tutacheka baadaye. Miaka mitatu darasani, na bado akafanya ujinga huo.

— Wameona neno la siri la ofisi limetoka nje, Herbert alisema. Wananiita Alhamisi saa mbili asubuhi. Wanasema mimi nimeuza siri. Muulize mama basi, aseme ni yeye.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Ukurasa wake ulihesabu tu, haukuhifadhi neno la mtu yeyote, na ni yeye peke yake aliyeweza kulithibitisha hilo. Lakini mahafali yalikuwa wiki tatu mbele.

— Nitamuuliza, alisema.

Jumanne Herbert alipiga mara nne. Docus aliitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza. Aliona aibu hadi chakula kikamshinda.

Jumatano alasiri akaenda kwa Daktari Semei, msimamizi wake.

— Mwalimu, huyu wa thelathini hakusaini fomu.

Semei alivua miwani.

— Unajua unachoniambia?

— Najua.

— Utafiti unafutwa. Utaitwa kwenye kamati ya nidhamu, na sitaweza kukutetea.

— Naomba barua, mwalimu. Iseme ni mimi niliyetuma, na hakuna siri iliyotoka.

Semei aliiandika, akaisaini, akampa bila kumtazama. Jioni hiyo Docus akaipiga picha, akaiweka mtandaoni. Kupiga simu aliogopa. Akatuma meseji:

“Herbert, ni muhimu sana. Fungua linki hii kabla ya saa mbili kesho.”

Alama mbili za buluu zikatokea. Amesoma. Docus akalala akiamini amemwokoa.

Asubuhi hakupata jibu. Akachukua barua yenyewe na kupanda gari la kwanza, na saa nne kasorobo alikuwa Kimaka getini. Zamu ilikuwa ya koplo mmoja wa kike, Akello.

— Afande, namtafuta Isabirye. Nina barua ya kesi yake.

Akello alimtazama kwa huruma.

— Kesi imekwisha, dada. Huyo anakuja.

Herbert alikuwa amevaa nguo za kiraia, begi moja begani.

— Wamenifukuza, alisema, kama mtu anayetaja saa.

— Jana nilikutumia linki. Uliisoma meseji.

— Nilisoma.

— Mbona hukufungua?

— Ilisema ni muhimu. Ilisema haraka. Wewe si ndiye uliyenifundisha? Kitu kikikuharakisha, usifungue. Mara ya kwanza nilisahau, nikaangamia. Mara ya pili nikakumbuka.

Docus alimpa bahasha. Herbert alisoma amesimama, polepole, mpaka kwenye saini.

— Kumbe ni wewe.

— Ni mimi. Nisamehe, Herbert.

— Jumatatu, nilipokuambia umuulize mama, ulikuwa unajua?

— Nilikuwa najua.

Alikunja barua, akamkabidhi Akello.

— Afande, weka kwa faili.

— Nitapeleka, Akello alisema. Lakini amri imesainiwa tayari. Mimi siwezi kukudanganya.

— Tukate rufaa, Docus alisema. Nitasema mbele ya yeyote. Digrii waichukue.

— Digrii hainipi kitu. Docus, ungepiga simu. Sauti yako ningeijua.

— Na kwanjula?

— Mwambie mama asingoje majina.

Akapanda bodaboda, ikaondoka naye kuelekea mjini. Docus alianza kulia bila kujificha, na Akello akageukia upande wa pili. Kisha Docus akatoa simu na kumpigia Herbert, sasa, wakati haisaidii tena.

Alimwona Herbert, kabla ya kona, akitoa simu mfukoni na kuitazama. Akairudisha mfukoni. Docus aliiacha iite mpaka ikakatika yenyewe.