Shimo Lililojipunguza

Jioni, taa za barabarani zilipojiwasha na roboti za usafi zilipoanza kufagia vichochoro vya Morogoro mpya, watu walirudi majumbani, wakavua viatu, wakashika pedi za kuchezea, wakaanza kuanguka. Walianguka wakicheka, walianguka wakisonya, wengine walianguka huku wali unaungua jikoni. Gemu lililokuwa likiwaangusha liliitwa Kenge Mpandaji, na mji mzima ulikuwa umelipakua.

Siku hizo mashine ya gemu haikuhitaji televisheni. Kilikuwa kisanduku kidogo kama kopo la chai, unakiweka mezani, kinamwaga picha hewani. Katikati ya sebule alisimama kenge wa kijani, na mbele yake majabali yaliyopanda hadi dari. Mchezaji alimrusha kenge kutoka jabali hadi jabali, akasukuma mawe ili milango ifunguke, akategua fumbo la kila mlango. Ukichelewesha kidole kidogo tu, kenge anatumbukia shimoni na unaanza upya.

Kuna jambo moja ambalo mchezaji hakuliona. Akishaanguka sana, jabali la mbele lilimsogelea. Lilisogea kwa upana wa unywele, na kesho yake unywele mwingine, hadi siku anaporuka akafika. Hapo mtu mzima mwenye ndevu zake anainuka kitini, anawaita watoto waje waone, na anaamini kabisa kwamba vidole vyake vimejifunza.

Aliyelisogeza jabali ni akili bandia ndogo iliyokaa ndani ya kila gemu, jina lake msawazishi. Ilikisoma kishindo cha vidole kwenye pedi, ikapima kama mchezaji amechoka au amekata tamaa, kisha ikampunguzia shimo. Na mama wa msawazishi, kama walivyomtania kazini, alikuwa mhandisi Nuriati Kobelo.

Nuriati aliibuni kwa moyo safi. Alisema watu wanaangushwa mchana kutwa na maisha, kwa nini waangushwe na kenge pia? Mkubwa wake alipopendekeza gemu limjulishe mchezaji kila anaposaidiwa, Nuriati alikataa. Kwao Matombo alilelewa akijua kwamba ukimpelekea jirani chakula unakipitisha mlango wa nyuma, umekifunika kawa, na ukikutana naye kesho hulitaji hilo hata kwa kope.

"Sadaka haitangazwi," alimwambia mkubwa wake. "Wala haiandikwi."

Kwa hiyo msawazishi alitengenezwa hivyo. Alisaidia na kusahau. Jabali lilibaki lilipo kwenye jina la mchezaji, lakini yeye hakuandika lilisogezwa lini, wala mara ngapi.

Nyumbani, ghorofa ya kumi na mbili, Nuriati aliishi na binti yake Tunu, mwenye miaka kumi na mmoja na pengo ambalo jino lake jipya lilikuwa limegoma kuliziba. Baba yake Tunu alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ugonjwa unaoanzia vidoleni na kupanda taratibu. Alianza kwa kushindwa kufunga vifungo vya shati. Mwishoni mkewe alimlisha uji kwa kijiko. Daktari alikuwa ameeleza kwamba ugonjwa huo unaweza kumfuata mtoto, na kwamba dawa ipo, lakini ni dawa ya kushikilia kilichopo. Haikirudishi kilichokwenda. Basi jambo lilikuwa moja tu: kuwahi.

Nuriati akawa mlinzi wa vidole vya Tunu. Mwanzoni alimpeleka kliniki kila alipotakiwa. Kisha Tunu akalivuka Daraja la Upepo, ngazi iliyowashinda vijana wa mtaa mzima, na watoto wa ghorofa za juu na chini wakawa wanakuja kumtazama kama mcheza ngoma. Mama mtu aliposimama mlangoni na kuona kenge akiyumba kwenye upepo, akiruka, akitua, kifua chake kilipoa. Mikono inayolivuka daraja hilo, aliwaza, itakuwaje na ugonjwa? Miadi ya kliniki ikaahirishwa kwa sababu ya mvua. Ikaahirishwa tena kwa sababu ya kazi. Baadaye haikuhitaji hata sababu.

Tunu alipoanza kuangusha vikombe, aliambiwa ana pupa. Alipochelewa kufunga vifungo vya sare, aliambiwa ana ndoto za mchana. Yeye mwenyewe alipolalamika kwamba penseli inamchosha, yeye na mama yake walimtazama kenge aliyekuwa juu kabisa karibu na dari, wakacheka.

Likizo ilipofika, Bi Zamoyoni alishuka kutoka Matombo na kapu la ndizi na viungo. Huyu ndiye aliyemzaa baba yake Tunu. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi kama tangawizi, na ulimi wake haukuwa na baridi yabisi hata kidogo. Kwa Tunu hakuwa bibi tu. Alikuwa mke mwenza, kwa utani ule wa bibi na mjukuu unaoruhusu kila neno, na alipofika tu aliupeleka ugomvi wao sebuleni.

"Nipishe, mke mwenzangu. Tangu asubuhi umekaa na huyo mume wa kijani."

"Bibi, huyo ni kenge."

"Na babu yako alikuwa nani? Nikamvumilia miaka yote ile."

Watoto wa majirani walicheka hadi wakalalia mkeka. Tunu akampa pedi, akamwelekeza afungue jina lake mwenyewe ili aanzie ngazi ya kwanza, maana gemu lilimjua kila mchezaji kwa jina alilofungulia. Bi Zamoyoni alikataa katakata. Wake wenza wa zamani, alisema, waligombanishwa na majiko mawili; yeye na mwenzake wana jiko moja, chungu kimoja, na sasa watakuwa na kenge mmoja. Akaketi, akaishika pedi kama mtu aliyeshika kuku, na akaanza pale pale Tunu alipoachia, mwanzo wa Daraja la Upepo.

Nuriati alikuwa anatoka jikoni na sinia la chai. Alimwona mama mkwe wake akibonyeza kwa kidole gumba kilichopinda, akichelewa, akabonyeza tena. Alimwona kenge akiruka kivivu, akitua. Akiruka, akitua. Upepo uliokuwa ukiwaangusha vijana ulimpitia kenge kama upepo wa kipepeo. Kisha daraja likaisha na mlango ukafunguka.

Sebule ililipuka kwa vicheko. Bi Zamoyoni aliinuka akacheza kidogo, akatangaza kwamba kuanzia leo yeye ndiye mke mkubwa. Tunu alikuwa anacheka kuliko wote, machozi yakimtoka.

Nuriati hakucheka. Aliweka sinia chini, chai ikamwagika kwenye visahani, na akamwomba mama mkwe alivuke tena. Akalivuka tena.

Hapo mhandisi aliichukua pedi, akafungua gemu kwa jina lake mwenyewe, jina la kazini lililofunguliwa ngazi zote, ambalo hakulitumia sana na ambalo msawazishi hakuwa na sababu ya kulihurumia. Daraja lile lile likajitokeza hewani. Kati ya jabali na jabali palikuwa na shimo la kumeza kitanda, na upepo ulivuma mpaka picha ikatetemeka. Bi Zamoyoni alijaribu, akatumbukia kabla hajamaliza kutafuta kitufe.

"Ala," alisema. "Huyu wa kwako ana kiburi."

"Tunu," Nuriati alisema polepole, "hebu njoo ucheze kwangu. Siyo daraja. Ngazi ya kwanza tu."

Tunu alikuja akiwa bado na kicheko mdomoni. Ngazi ya kwanza ilikuwa jabali moja na shimo dogo, shimo la kufundishia. Akabonyeza. Kenge akatumbukia. Akabonyeza tena, uso ukiwa umekazwa, na safari hii mama aliacha kumtazama kenge akavitazama vidole. Kidole gumba kilikuwa kinashuka juu ya kitufe kama kinashuka ndani ya asali. Kilifika. Lakini kilifika wakati kenge ameshaanguka.

"Pedi imeharibika," Tunu alisema.

Bi Zamoyoni, aliyekuwa ameviona vidole vya namna hiyo mikononi mwa mwanawe, aliwaambia watoto wa majirani kwamba mama zao wanawaita.

Daktari Msangi aliwapokea asubuhi iliyofuata. Alipitisha kipimo juu ya viganja vya Tunu, na mishipa yake ikajichora ukutani kama mito kwenye ramani, mingine inang'aa, mingine imekauka kabla ya kufika vidoleni. Alieleza kwa upole kwamba iliyokauka haitarudi. Iliyobaki wataishikilia kwa sindano ya kila wiki, na dawa za sasa zinashikilia vizuri kuliko zile za wakati wa baba yake. Nuriati alimuuliza kama wangekuja vikombe vilipoanza kuanguka ingekuwaje. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema tuzungumze ya leo, mama Tunu.

Nuriati alirudi kazini akiwa na ombi moja, kwamba gemu limwonyeshe mchezaji kila linapomsogezea jabali. Mkubwa wake alimpa pole nyingi na za kweli, kisha akamkumbusha sadaka haitangazwi ilikuwa kauli ya nani. Nani atapakua gemu linalomwambia kwamba amebebwa? Alikubali jambo dogo tu: Nuriati aweze kumzima msawazishi kwenye jina la binti yake. Nuriati aliahidi kurudi na ombi lile wiki ijayo, na wiki itakayofuata, mpaka wachoke wao.

Lakini la kumwambia mtoto halikungoja wiki ijayo. Alimkuta kitandani, bibi yake akimsuka. Akaketi sakafuni akaeleza yote: msawazishi ni nini, alimtengeneza nani, na kwa nini. Tunu alisikiliza bila kugeuza kichwa, maana nywele zilikuwa zimeshikwa.

"Kwa hiyo sikuwahi kulivuka daraja."

"Ulilivuka. Mwanzoni mikono yako ilikuwa mizima, mwanangu, ulilivuka kweli."

"Mara ya ngapi ndiyo ikaanza kunibeba?"

Nuriati angeweza kutengeneza jibu, na lingekuwa tamu. "Sijui," alisema. "Haiandiki. Mimi ndiye niliyeiambia isiandike."

Tunu alikuwa anawaza, mama aliweza kuona, jioni zile zote: watoto mkekani, makofi, yeye juu karibu na dari. Zipo zilizokuwa zake na zipo zilizokuwa za mashine, na hakuna mtu duniani angeweza kumtenganishia.

"Izime," alisema mwishowe.

Bi Zamoyoni, ambaye kwa haki ya utani angeweza kusema lolote, aliifunga tu ncha ya msuko.

Sindano ya kwanza ilichomwa Ijumaa. Walipotoka kliniki Tunu hakutaka ndizi wala soda, alitaka pedi. Walikaa watatu sebuleni, milango imefungwa kwa watazamaji. Kenge alisimama hewani kwenye jabali la kwanza, na mbele yake shimo lile dogo la kufundishia, ambalo sasa lilikuwa na upana wake wa kweli.

Alianguka. Akaanguka tena. Kila kenge alipotumbukia, macho ya Nuriati yalishuka kwenye kompyuta yake bapa ya kazini. Ilikuwa mapajani, na kwa mguso mmoja tu lile jabali lingesogea, si sana, unywele, kiasi cha kumwonyesha mtoto mwanga. Mtoto wake alikuwa mgonjwa. Ni mama gani asiyeweza kusogeza jiwe? Hakujua kama mkono ulikuwa umeshaanza kwenda.

"Mama," Tunu alisema, macho yake hayakutoka kwa kenge. "Weka mikono yako ninapoiona."

Nuriati aliiweka juu ya meza, yote miwili, viganja chini. Bi Zamoyoni aliweka wa kwake juu yake, mzito, wenye viungo vilivyovimba, akaubakiza hapo.

Tunu alipumua. Kidole gumba kikaanza safari yake kuelekea kitufe, polepole, na wanawake wawili wakakisindikiza kwa macho kama mtu anavyomsindikiza mgonjwa kwenda uani. Kenge aliruka. Aliligusa jabali kwa makucha ya mbele, akaning'inia kidogo, akateleza, akatumbukia. Hakuna kilichosogea.

Tunu aliitazama nafasi ile tupu hewani kwa muda mrefu. Alipogeuka, mashavu yalikuwa yameloa, na bado kulikuwa na kitu usoni mwake ambacho mama yake hakuwa amekiona siku zile zote za makofi.

"Hiyo umeiona?" aliuliza. "Makucha yamegusa. Hiyo ilikuwa yangu."

"Nimeiona," Nuriati alisema. "Ilikuwa yako."

Tunu akajifuta pua kwa bega na kuanza upya.