Ushindi Saba Juu ya Bi Zohra

Kila alasiri akitoka shule, Emna alikata kipande cha mkate, akakipaka harisa, rojo kali ya pilipili, na mafuta ya zeituni, kisha akajikunja kwenye kochi na tabuleti ya mama yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika mtaa wao mjini Sfax hakuna mtoto aliyependa sataranji kama yeye. Alicheza mtandaoni, tena kwa papara. Kabla jeshi lake halijakaa sawa, alishawatoa farasi wote wawili kumwandama mfalme wa mwenzake. Shambulio likifaulu, aliruka kwa furaha. Likishindikana, alibaki na askari wachache wasiojua pa kwenda. Kwa miezi mitano alama zake zilikwama kwenye elfu moja na mia moja.

Mpinzani wake mkuu alikuwa Bi Zohra, mwalimu mstaafu wa mji wa Tozeur, ambaye hakuwahi kuonana naye. Bi Zohra alicheza polepole, kama mtu achambuaye dengu, na karibu kila mara alishinda. Mchezo ukiisha alimwandikia, "Farasi wako wana mbio kuliko akili, binti yangu. Kesho tena!"

Siku moja Mwalimu Mongi alitangaza kuwa wanafunzi wanne wenye alama za juu za sataranji mtandaoni wangeiwakilisha shule mashindanoni Tunis. Emna alikuwa wa saba. Jioni hiyo aliwasha kompyuta ya kaka yake, akafungua programu ya sataranji, akawa anaiuliza kila hatua kabla ya kucheza. Alama zikapanda kama maziwa yachemkayo.

"Mnaona matunda ya bidii?" Mwalimu Mongi akamsifu mbele ya darasa.

"Hebu tuambie unakula nini siku hizi," rafiki yake Wassila akamtania, "na sisi tukale!"

Emna alicheka kidogo, akainama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Wiki hiyo Bi Zohra alifungwa mara saba mfululizo. Baada ya mara ya saba ukaja ujumbe: "Hongera, binti yangu. Huu ulikuwa mchezo wangu wa mwisho. Dada yangu alianza hivi hivi: leo haoni hiki, kesho kasahau kile, mwishowe akasahau jina langu. Naona zamu yangu imefika. Keshokutwa mwanangu ananipeleka kwa daktari. Usisikitike."

Emna aliusoma tena ujumbe ule. Akaenda jikoni alikokuwa mama yake.

"Mama, nimemtia mtu ugonjwa asiokuwa nao."

Akaeleza yote. Mama yake alizima jiko, akakaa.

"Mwombe namba ya simu, umpigie sasa hivi. Nitakaa nawe hapa, lakini maneno ni yako."

Bi Zohra alipopokea, sauti yake ilikuwa ya uchovu.

"Bi Zohra, si mimi niliyekufunga. Ni kompyuta. Akili yako haina kasoro yoyote."

Bi Zohra akauliza taratibu:

"Mara zote saba?"

"Zote."

"Siku hizi silali, Emna. Najihesabia majina ya wanafunzi wangu wa zamani, nione kama bado nawakumbuka."

Emna akalia. "Nisamehe, Bi."

"Nitakusamehe. Lakini si leo."

Kesho yake Emna alimweleza Mwalimu Mongi, akaondolewa kwenye timu. Akaunti yake ya mchezo ikafungwa. Akafungua nyingine kwa jina lile lile, akaanza upya kutoka chini. Kila siku alitazama kama Bi Zohra amemwita mchezoni. Wiki mbili zikapita bila neno.

Jumatatu ya tatu, mwaliko ukaja. Emna alicheza kwa kichwa chake mwenyewe. Mara hii hakukurupuka. Aliwaweka farasi nyuma hadi askari walipojipanga. Baada ya hatua hamsini alifungwa, kwa tofauti ya askari mmoja tu. Mara simu ikalia.

"Leo umenitoa jasho!" Bi Zohra alicheka, kisha akatulia. "Nisikilize, binti yangu. Anayeshinda kwa hila haibi alama tu. Humwibia mwenzake imani aliyonayo juu ya nafsi yake, na mali hiyo ni ngumu kurudisha. Heri kufungwa kwa haki kama leo, maana aliyefungwa kwa haki ameongeza ujuzi."

"Nimekusikia, Bi. Je, umenisamehe?"

"Nisingekusamehe ningekuita? Haya, panga jeshi lako."