Maji Aliyokunywa Amolo

Haya nilielezwa na Wagaki mwenyewe, Krismasi ya tisini na nane, tukimenya ndizi jikoni kwangu Gatina. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado haunyooki.

Alikutana na Amolo sokoni Kawangware, yeye akiuza sketi za mitumba, Amolo, fundi seremala, akisukuma mkokoteni wa mbao, shati jekundu limelowa jasho.

"We fundi, utanikanyagia nguo!"

"Pole, mrembo. Nikukung'utie?"

"Kung'uta uende!" Lakini alicheka.

Wakapendana. Kisha kipindupindu kikaingia kwenye ploti ya vyumba vya kupanga alikoishi Amolo, Kibera. Walikufa wanane. Amolo aliwabeba wote, akanywa maji yale yale, asiharishe hata siku moja. Na kila Ijumaa alirudi kutoka zahanati na pamba mkononi, palipotolewa damu.

Wagaki akampigia kwa simu ya duka. "Beibi, wanakutoa damu ya nini?"

"Nitakueleza, mpenzi. Hata mimi sijaelewa."

Miaka hiyo kila mtu aliongea habari za waabudu shetani wanaokusanya damu za watu. Wagaki akaogopa, akamwambia habari hiyo kaka yake Thuo, mpangaji wa ploti ile ile, aliyekuwa ametoka kumzika mtoto wake.

Thuo akachota maji ya pipa la ploti. "Kama si wewe unatuua, kunywa!"

Amolo akanywa kikombe kizima. Siku ya tatu alikuwa mzima, anapiga randa. Huo ndio ukawa ushahidi wa Thuo na majirani: sumu haimdhuru aliyeitia.

Asubuhi hiyo Wagaki alikuwa zahanati, akimuuliza muuguzi Jeconia.

"Ni jeni, dada. Kitu amezaliwa nacho kwa damu. Kinaamsha askari wa mwili mapema, ugonjwa ukiingia tu. Tunapima tujue kinafanyaje."

Alikimbia mpaka kwenye ploti kumweleza Thuo. Alikuta wamemwangusha. Rungu limempasua mdomo, meno mawili yako matopeni, mtu anafungua chupa ya mafuta taa. Thuo akainua nondo. Wagaki akajitupa juu ya Amolo, nondo ikamvunja mkono, mfupa ukatokeza.

"Thuo! Alizaliwa hivyo! Basi nichome na mimi!"

Thuo akautazama ule mfupa. Akatupa nondo, akapokonya ile chupa. "Wacheni! Nimesema wacheni!"

Kwenye benchi la hospitali Wagaki akasema, "Mimi ndiye nilimwambia."

"Najua." Amolo akatema damu. "Bado utakubali nikuoe?"

"Na hayo meno?"

"Utanitafunia nyama."

"Nitakutafunia." Akamwegemea begani, akalala.

Thuo alisimama mlangoni, kofia mkononi, haingii.

"Kaa," Amolo akamwambia.

Akaketi sakafuni, kichwa magotini. Amolo hakumwondolea jicho. Alingoja mpaka akasikia Thuo anakoroma, ndipo naye akafumba macho.