Mama wa Sikio Moja

Kila siku alipotoka shuleni, Rula alivua sare, akavaa shati kuukuu la baba yake lililojaa rangi, akaingia karakana. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye mlango mpana ulioelekea barabarani. Aliosha brashi kwa mafuta ya taa, akakoroga rangi zilizoganda juu, kisha akapiga mistari ya penseli kwenye mabango mapya. Mistari yake ilinyooka mno, hata wenzake darasani wakampachika jina hilo la Rula. Naye alilipokea kama mtu anayelipwa haki yake.

Ukutani zilining'inia kadibodi. Kila moja ilikatwa matundu yenye umbo la kitu: ng'ombe wa muuza nyama, cherehani ya fundi nguo, jino la daktari wa meno, simu, na mama mwenye kitabu mkononi. Mteja akija, baba alishusha kadibodi, akaibana kwenye bango, akapitisha rangi kwenye matundu. Chai haijapoa, kazi imekwisha. Nyingi zilikatwa na babu, ambaye sasa ni marehemu, na baba alizirithi pamoja na karakana. Hakuona sababu ya kuchora tena kitu kilichokwisha kuchorwa.

Ng'ambo ya barabara walikuwapo vijana waliokodi chumba kibovu. Hao hawakuwa na kadibodi wala rangi ya maana. Walichora kwa makaa kwenye kuta walizoruhusiwa, na walichora walichokiona: mwanamke aliyesinzia juu ya mzigo wake, mzee anayegeuza vidonge kiganjani, watoto watatu kwenye kitanda kimoja. Mji mzima ukawaita Wachora Makaa. Baba wa Rula aliwaita takataka.

"Hawajui kuchora," alisema huku akitema mate nje ya mlango. "Ndiyo maana wanachora maskini. Tajiri ukimkosea pua atakudai. Maskini atamdai nani?"

Rula alicheka. Katika mambo ya dharau alikuwa mwanafunzi hodari kuliko katika hesabu.

Hata fundi simu mmoja aliporudisha bango lake, Rula alimwona yeye ndiye mjinga. Fundi yule alilisimamisha bango mlangoni, likaonekana vizuri: simu nyeusi kubwa ya mezani, yenye duara la tarakimu na waya uliojikunja.

"Fundi mwenzangu, mimi natengeneza simu za mkononi," alisema. "Hii uliyonipa ina mkia."

"Simu ni simu," baba akajibu bila kuinua kichwa.

"Jana mtoto kaniuliza kama nauza mizani."

"Mtoto huyo hana adabu."

Fundi simu akalichukua bango lake, akavuka nalo barabara hadi kwa Wachora Makaa. Baba na binti wakamsindikiza kwa macho, kila mmoja amebetua midomo.

Wiki hiyo mwalimu mkuu alitangaza kwamba ukuta wa mbele wa shule, ule unaotazama barabara, umepigwa lipu upya. Mwanafunzi atakayeleta mchoro bora kuhusu "Shule yetu leo" ndiye atakayeuchora, na jina lake litaandikwa chini. Mwalimu wa sanaa, mama mwenye miwani na maneno machache, akaongeza sharti moja.

"Chora ulichokiona kwa macho yako, kwa mkono wako. Sitaki kitu cha kuazima."

Rula alikwisha kuliona jina lake ukutani. Mpinzani hakuwapo, ila labda Madoa, mtoto wa muuza mkaa, ambaye vidole vyake viliacha alama hata kwenye mkate. Alikuwa akishinda kwa wale vijana ng'ambo ya barabara. Mapumziko yalipofika, Rula akamchungulia begani.

"Hiyo nini?"

"Foleni ya bomba."

Bomba la shule lilikuwa kavu tangu mvua zilipokatika. Wanafunzi walijipanga na ndoo kwenye nyumba ya jirani, wakakosa somo la kwanza. Wengi hawakunawa mikono, na magonjwa ya tumbo yaliwalaza kwa zamu.

"Foleni ya bomba kila mtu anaijua," Rula alisema. "Nani atasimama kuangalia kitu anachokijua?"

Madoa alifikiri. "Wewe unachora nini?"

"Kitu kizuri. Na hilo bomba lako linafanana na ngamia."

Jioni ile baba alipotoka kidogo, Rula aliishusha kadibodi ya mama mwenye kitabu, akaiweka juu ya karatasi, akapitisha penseli. Kisha akaongeza watoto wawili nadhifu na ua moja. Kazi ikaisha chai haijapoa. Moyo ulimsuta kidogo kwamba huku ni kuazima, lakini akajiambia kwamba kadibodi za nyumbani ni zake, na mtu haazimi kilicho chake.

Siku ya kuonyesha michoro, darasa zima lilishangilia ya kwake. Mwalimu wa sanaa hakushangilia.

"Umechora mwenyewe?"

"Mwenyewe, mwalimu."

"Ukimtazama nani?"

"Mama yangu."

Mwalimu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Mama yako ana sikio moja?"

Rula akatazama karatasi. Ni kweli, upande wa kushoto wa uso ule hapakuwa na sikio. Zamani tundu la sikio lilichanika, baba akalibandika karatasi, na tangu siku hiyo halikufunguliwa tena. Rula alimzoea mama huyo tangu alipokuwa akitambaa. Kwake yeye, mama wa namna hiyo alikuwa kamili.

"Huyu mama namfahamu," mwalimu akaendelea kwa sauti ya upole iliyokata kuliko kisu. "Yuko kwenye kila bango mjini. Anauza maziwa pale kona. Anashona nguo karibu na posta. Kliniki nako anapima watoto. Mchapakazi sana. Na kote huko sikio lake ni lile lile moja."

Darasa likaangua kicheko. Madoa peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma Rula zaidi.

"Ningekusamehe kuazima," mwalimu akasema. "Uongo siusamehe mpaka uufute wewe mwenyewe. Ukuta ni wa Madoa."

Rula alirudi nyumbani akiburuta viatu. Hakwenda karakana. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, ambako bibi yake, mama wa baba, alikuwa akishona kifungo cha shati.

"Bibi, yule mama wa kadibodi ni nani?"

"Ni mimi. Ulidhani nani?"

Rula akamkodolea macho. Kulia, sikio. Kushoto, sikio.

"Yapo yote," bibi akasema. "Nimemwambia baba yako tangu hujazaliwa: mwanangu, umenikata sikio. Akanijibu, mama, wateja hawajalalamika."

Ndipo Rula alipomsimulia yaliyotokea, uongo na yote. Bibi hakumpa pole. Alikata uzi kwa meno, akaweka shati pembeni.

"Zamani mabango yote ya mji huu yalikuwa ya mabwana wenye kofia na mabibi wenye pua nyembamba, ambao hapa hakuna aliyewahi kukutana nao. Hata sabuni ya kufulia iliuzwa na bibi ambaye hajafua hata leso. Babu yako naye aliwachora hao hao. Kisha yakaanza madarasa ya jioni ya watu wazima. Tukaenda wanawake, watoto mgongoni. Watu walitucheka njia nzima. Lakini wakatokea vijana, wengine wakatunga nyimbo juu yetu, wengine maigizo, na babu yako na wenzake wakaziacha zile kofia wakaanza kuchora watu waliopo. Alinikalisha kwenye kiti hiki, akanichora na kitabu changu, akaipeleka picha kwenye ukuta wa duka la nafaka."

"Watu wakapenda?"

"Wakaipaka matope. Akaiosha. Wakaipaka tena, akaiosha tena, mpaka mikono yao ikachoka kabla ya mkono wake. Halafu wakaizoea. Halafu mwenye duka la pili akaitaka, na wa tatu. Sisemi picha ile ndiyo iliyowapeleka wasichana shule. Lakini msichana akipita kila asubuhi mbele ya mwanamke mwenye kitabu, siku moja atajiuliza chake kiko wapi."

"Na kadibodi?"

"Kadibodi ilikuja watu walipokwisha kupenda. Babu yako alichoka kunichora, akanikata." Bibi alitabasamu, kisha tabasamu likazima. "Sikiliza sasa. Babu yako alinichora mimi. Baba yako anachora kadibodi. Na wewe umechora kilichochorwa na kadibodi, ukakiita mama yako. Mama yako anayeamka alfajiri na ndoo hukumwona. Unamcheka mtoto wa muuza mkaa kwa lipi?"



Kesho yake Rula alisimama mbele ya darasa, akasema kwamba mchoro ule haukuwa wake na kwamba alimdanganya mwalimu. Waliotaka kucheka walicheka. Mwalimu aliitikia kwa kichwa tu, akamwashiria aketi. Baadaye Rula akamfuata Madoa ukutani.

"Mistari yako imepinda," alimwambia.

"Najua."

"Ukuta mzima utaonekana kama umelewa. Nitakupigia mistari. Jina langu usiandike."

Madoa akampa kipande cha makaa. Asubuhi iliyofuata, kwa mara ya kwanza, Rula alikaa akaitazama foleni ile aliyokuwa akisimama ndani yake kila asubuhi. Aliwaona msichana aliyekalia ndoo iliyopinduliwa akisoma, mvulana mwenye kiatu kilichofunguka kama mdomo wa samaki, na mdogo wa darasa la kwanza aliyeshika tumbo. Kisha akarudi kwenye mchoro wa Madoa, akamwona mtu mmoja mwishoni mwa foleni, ndoo mkononi, uso ameugeuzia pembeni kama vile foleni haimhusu.

"Huyu mwenye pua juu ni nani?"

"Wewe."

Rula alishika makaa. Angeweza kuishusha pua ile kwa mstari mmoja tu. Akaitazama muda mrefu, akaiacha ilivyo.

Ukuta ulipokamilika, watu walisimama. Baba wa Rula alisimama pia, akasema makaa yamepakwa mepesi na maskini wamezidi, akaondoka. Mwalimu mkuu hakufurahi hata kidogo, maana alitarajia maua. Lakini wazazi waliopita barabarani walianza kuuliza kile ambacho hawakuwa wameuliza miezi yote: bomba limekauka tangu lini, na nani anahusika? Ofisa mmoja wa maji alifika na gari, akataka ukuta upakwe chokaa kwa sababu unaleta aibu.

"Aibu iko kwenye bomba," mama mmoja akamwambia. "Anza na bomba, chokaa tutanunua sisi."

Mafundi walikuja na mabomba mapya. Maji yalitoka, kwanza ya kahawia, kisha meupe. Wanafunzi wakanawa mikono, madawati matupu yakajaa, na somo la kwanza likarudi kuwa somo la kwanza.

Hapo ndipo baba alipogundua kwamba tangu mwanzo aliipenda picha ile. Alikuja ukutani na kadibodi kubwa mpya na kisu. Bibi alikuwapo pia, maana alitaka kuona kazi ya mjukuu wake kwa macho yake.

"Shule ya jirani nao wanaitaka hii foleni," baba akasema huku akipima kwa kiganja. "Nikiikata leo, naweza kuipiga kwenye shule zote za mji."

"Bomba la shule ile halitoi maji, baba?" Rula akauliza.

"Linatoa. Hilo linahusu nini?"

Bibi alitoa kicheko kifupi, kikavu. "Mwanangu, huna hata haya. Jana ulitema mate, leo umeleta kisu. Picha hii imefanya kazi kwa sababu watoto hawa walitazama kilichokuwa mbele yao, wakakisema bila uongo, siku ambayo wengine mlikizoea. Wakati ukibadilika, mtu anautazama upya. Ukiubana kwenye kadibodi, kesho utawauzia watu simu yenye mkia. Kumbuka na wewe, mjukuu wangu. Kudharau ni rahisi, hakuhitaji hata macho. Kuchora kunayahitaji, na ukweli pia."

Baba alisimama na kadibodi yake kama mtu aliyebeba mlango usio na nyumba. "Sasa niwachoree nini?"

"Nenda ukaone," Rula akasema.

Akaenda. Siku iliyofuata alikaa kwenye benchi la shule ya jirani na penseli, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Jioni alirudi amenuna, karatasi zimefutwa-futwa hadi zimetoboka.

"Wale watoto hawachoreki," alilalamika. "Wanatikisika."

"Hata mimi nilitikisika," bibi akamjibu kutoka chumba cha nyuma. "Kadibodi ndiyo haitikisiki."