Gari Lililopigwa kwa Mkono wa Kushoto

Nilifuta jina la marehemu kwa msasa, kisha nikanawa mikono nikaenda mazoezi ya kwaya. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia mahali nisipostahili.

Jina lenyewe lilikuwa Osoro Makori. Alilichonga kwa patasi chini ya dashibodi ya gari lililokaa miaka mingi nyuma ya gereji yetu hapa Sotik, limefunikwa turubai. Lilikuwa gari dogo la mbio, la watu wawili, limelala chini kama nyoka, na hakuna kiwanda kilichowahi kulitoa. Osoro, fundi wa bodi kutoka upande wa Kisii, alilipiga kwa nyundo, bati kwa bati, jioni baada ya kazi, wakati ameajiriwa na baba mkwe wangu. Mzee akaliendesha kwenye mashindano, watu wakamsifu kwamba amelitengeneza mwenyewe, naye hakuwakatalia. Osoro akafa bila gari na bila sifa.

Miezi michache iliyopita mume wangu, Kiptum, akapata mnunuzi. Sharti lilikuwa moja tu, ijulikane nani alilijenga. Kwa hiyo akaitwa Robert wa Nairobi, ambaye kazi yake ni kutambua magari ya zamani.

"Wakijua ni Osoro, watoto wake watalidai," Kiptum aliniambia asubuhi hiyo. Ndipo nikachukua msasa.

Robert aliingiza mkono chini ya boneti, akapapasa bati kwa ndani huku amefumba macho, kama mkunga anayepima tumbo.

"Fundi huyu alitumia kushoto," akasema. "Alama za nyundo zote zimelalia upande mmoja. Baba yako alikuwa hivyo?"

Kiptum akanitazama. Katika nyumba ile mzee wa kanisa ni mimi.

"Hata ugali alikula na kushoto," nikasema. "Mungu ni shahidi."

Baba mkwe alitumia mkono wa kulia maisha yake yote. Lakini Robert aliridhika, akasema gari litawekewa kibao cha shaba chenye jina la mzee.

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Mchana huohuo tukila, tonge likamponyoka Kiptum. Akaliokota, likamponyoka tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekauka, vidole vimekunjika kama vya kuku aliyechinjwa.

"Ni baridi tu," akasema, akala na kushoto.

Huko gereji, ambako hapakuwa na mtu, nyundo ikagonga bati mara moja.

Siku gari lilipobebwa nilimshukuru Mungu. Nilidhani limeondoka na Osoro.

Wiki hiyo Chepchirchir, mke wa mwanangu Kipkurui, alitoka hospitali na mtoto wa kiume. Sisi ni Wakristo, lakini mtoto hapa bado hupewa kurenet. Kina mama huita majina ya wazee waliotangulia huku mtoto akinusishwa ugoro kidogo, na jina atakalolipigia chafya ndilo la yule aliyerudi. Kogo Chepkosgei, bibi kizee jirani yetu, ndiye aliyeita. Akaanza na baba mkwe wangu. Kimya. Akaita ndugu zake, akaita baba zao. Kimya. Mtoto alitukodolea macho makavu, na titi alikuwa amelikataa tangu alfajiri.

"Mama Kipkurui," Kogo akaninong'oneza, "majina yameisha. Kuna mtu mmemficha?"

Ndipo mvua ya mawe ikaanza, ile ya mchana inayopasua majani ya chai, ikapiga mabati mpaka hatukusikiana, na katikati ya kelele ile nikasikia mapigo mengine yasiyofuata mvua, mapigo ya nyundo, yakitoka gereji, yakivuka uwanja, yakipanda ukuta wa nyumba, na harufu ya karabai ya kuchomelea bati na rangi mbichi ikaingia chini ya mlango, ikajaa chumba, mpaka Chepchirchir akaanza kukohoa, na nyundo ikagonga hapo hapo juu ya kichwa cha mtoto, nami nikaona midomo yake ikigeuka rangi ya majivu, na jina likanitoka kinywani kabla sijaamua kulisema.

"Osoro."

Mtoto akapiga chafya.

Wale kina mama wakarudi nyuma hadi ukutani. "Huyo si wa kwetu," Kogo akasema. "Na amekuja na hasira."

Nilikwenda kwa Bilhah, binti wa Osoro, anayeuza ndizi sokoni. Nikamwambia yote, hata msasa.

"Kumbe mnajua njia ya kwangu," akasema, akiendelea kupanga ndizi. "Mlichukua gari la baba, nikanyamaza. Sasa mmefuta hata jina. Mlitaka akae wapi?"

Hata hivyo alikuja. Akampakata mtoto, akamsemesha Kigusii kwa sauti ya chini, na mtoto akalikubali titi la mama yake.

"Hajamkasirikia mtoto," Bilhah akatuambia. "Amekasirikia kibao. Kiondoeni."

Kiptum akampigia Robert simu, akakiri. Robert alisema gari limeshalipiwa, liko kwenye maonyesho Nairobi, na mnunuzi hataki kusikia hadithi nyingine.

Kipkurui akaenda huko Jumapili kumsihi. Hakusikilizwa. Akiwa amesimama kando ya gari, mgeni mmoja akainama akasoma kibao kwa sauti, jina la mzee wetu herufi kwa herufi, na simu ya Kipkurui ikalia mfukoni. Ni Chepchirchir, analia. Mtoto ameacha kupumua. Akarudisha pumzi mgeni alipohamia gari lingine.

Imekuwa hivyo tangu hapo. Siku za kazi mtoto anacheza vizuri. Jumapili, watu wakiwa wengi kwenye maonyesho, siendi kanisani. Nakaa naye mapajani, namwita Osoro, Osoro, na kiganja changu kiko kifuani pake.

Nakuomba, ukipita kwenye maonyesho hayo ukaliona gari dogo la watu wawili lenye kibao cha shaba, usisome kilichoandikwa. Sema Osoro Makori ndiye aliyelijenga. Sema kwa sauti, na aliye karibu nawe asikie.